Siku Nilipoonja Muhogo wa Mama Mdogo

Harufu ya tui zito linapomiminwa juu ya muhogo wa moto, kabla halijachemka, mpaka leo hunisimamisha. Wengine huwatia njaa. Mimi hunitia wasiwasi kwanza, njaa huja baadaye. Nipo Kibiti sasa, nina jiko langu la mkaa na bomba uani, wala hakuna anayenisimamia, lakini nikifika hapo pa kumimina tui mkono wenyewe hupunguza mwendo, kama vile namsubiri mtu aseme neno. Habari hii nimeianza mara nyingi nikachana karatasi. Shule yangu iliishia darasa la saba, sina hakika kama najua kuyapanga maneno, na nachelea kuwaonea watu ambao wengine hawapo tena wajitetee. Nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake.

Kwetu ni Salale, kule kwenye mikoko ambako ukitaka kwenda kokote unapanda mtumbwi. Nilikuwa mdogo, sijaanza kufunga, na kwa sababu hiyo kila Ramadhani nilikuwa na kazi ambayo watu wazima hawakuwa nayo: kuonja. Wapo wanaosema mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Bibi, mama yake baba, hakutaka hata kulisikia hilo. Jikoni kwake chakula cha futari kilipikwa kwa macho na pua, na chumvi iliamuliwa na mimi. Nilikuwa naitwa popote nilipo, "Mwonjaji! Njoo huku!" nakuja mbio, naambiwa nitoe kiganja, nadondoshewa mchuzi kwa upawa, nalamba. Nikisema bado, inaongezwa. Nikisema tayari, sufuria inaepuliwa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka huo nyumbani kulikuwa na mgeni. Baba mdogo alikwenda kulima Mkongo, akarudi na mke, Zubeda. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta, na aliniachia nimsuke nywele ingawa sikujua kusuka. Bibi hakumtaka. Alikuwa ameshamchagulia mwanawe binti wa jirani, ndoa ikafungwa huko mbali bila yeye kuulizwa. Nasema haya si kumlaumu Bibi. Nadhani hata mimi mwanangu akinifanyia hivyo nitanuna. Lakini kununa kwake kulikuwa na meno. Siku chache kabla ya hiyo ninayoisimulia, muhogo ulimkatikia tui Zubeda, ukawa mabonge mabonge yanayoelea kwenye maji. Bibi akatangaza mbele yetu sote:

"Nimewaalika kaka zangu kufuturu. Atapika huyu, peke yake. Akituaibisha, Idi ikipita anarudi kwao Mkongo akafundwe upya. Siwezi kulisha wageni maziwa yaliyoganda."

Kurudishwa kwenu ukafundwe ni jambo ambalo hata mtoto alilielewa. Wengine wakirudishwa hivyo hawaji tena.

Mama yangu alikuwa mkwe wa kwanza kuingia nyumba ile, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini jioni ya siku ya tui kukatika nilimsikia akimnong'oneza Zubeda: tui jepesi ndilo la kuchemshia muhogo, tui zito lije mwisho kabisa, na likishaingia usifunike sufuria wala usiache kukoroga, upawa uwe unachota unamwaga, unachota unamwaga, mpaka lipande mara moja, ndimu usiitie mpaka umeshaepua. Zubeda alirudia maneno hayo siku zote zilizofuata kama anajifunza sura ya Kurani.

Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika aliogopa tui. Sote tuliogopa tui. Hakuna aliyeyafikiria maji.

Lazima niwaeleze maji ya kwetu. Mto unapokupwa, maji yanayoteremka kutoka bara ni matamu, unachota kwa kupikia, ila unazama kwenye tope mpaka magotini kuyafikia. Bahari inapojaa, inasukuma maji yake juu mtoni, na wakati wa kiangazi mto hauna nguvu ya kuikatalia. Zubeda alikuja kwetu masika, mto umefura, maji matamu asubuhi na jioni. Kwao Mkongo ni hivyo mwaka mzima. Mama alidhani Bibi amemwambia. Bibi alidhani Mama amemwambia. Basi mchana wa siku ile, maji ya asubuhi yalipoisha kwa kufua na kuosha vyombo vya wageni, Mama akiwa amekwenda kuazima sufuria kubwa, Zubeda alitazama mto akaona umejaa pomoni, umefika karibu na ua. Akachota ndoo zake bila kukanyaga tope.

"Leo mto wenyewe umenifuata mlangoni," aliniambia akicheka. "Dalili njema hiyo."

Alasiri ilikuwa imekwisha nilipoitwa. Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, kazi pekee Bibi aliyomruhusu, mgongo umenielekea. Muhogo ulikuwa unatokota kwa maji, unangoja tui, pembeni kulikuwa na sufuria ya uji wa mchele. Nikatoa kiganja, nikalamba.

Si chumvi tu. Ilikuwa chumvi yenye uchungu, kama ule wa kumeza maji unapoogelea. Nikakunja uso.

"Imezidi?" Zubeda aliuliza.

"Inawasha."

"Inawashaje na pilipili sijatia? Hebu onja tena."

Nikaonja tena. Nikaonja na uji, ambao ulitakiwa kuwa hauna hata punje ya chumvi, nao ulikuwa hivyo hivyo. Nikamwambia. Nilimwona anaanza kuelewa kwamba kuna jambo baya, ingawa hakujua ni jambo gani. Akaitazama ile ndoo, akanitazama mimi. Hakuniambia nifiche. Nataka mlijue hilo, kwa sababu baadaye wengine walisema aliniomba nifiche. Alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa baridi mbele ya moto mkali namna ile.

Bibi akaingia. "Vipi, mwonjaji wangu? Chumvi imekaa?"

Nikaitazama ndoo. Mbuzi ya Mama ikanyamaza.

"Nakuuliza wewe. Umemeza ulimi?"

"Mtoto aseme alichoonja," Mama alisema, bila kugeuka.

Nilitamani waniulize kitu kingine, chochote. Nikitaja chumvi, Zubeda anaondoka. Nisipoitaja, kaka zake Bibi wataitaja wao, na Zubeda ataondoka hivyo hivyo. Sidhani nilipima vizuri kama ninavyoandika sasa. Nakumbuka mkono wa Zubeda tu, ulivyokuwa bado umenishika. Nikasema, "Ni maji ya bahari."

Bibi hakuonja, hata hapo. Alichukua kipande cha sabuni akajisugua mikono kwenye maji ya ndoo. Sabuni ikawa inateleza tu, povu halitoki. Ndiyo namna ya kuyajua maji ya chumvi bila kuyatia mdomoni, na mimi naitumia mpaka leo nikifika mahali pageni.

"Nani kachota haya?"

"Mimi, mama."

"Yamejaa au yamekupwa?"

"Yamejaa. Kwetu huwa..."

"Kwenu, kwenu! Kwenu mto hauna bahari nyuma yake!" Akatupa sabuni. "Na chumvi yako ukatia juu yake?"

"Nilitia."

"Haya. Tumefuturu."

Nilidhani Zubeda atalia. Alisimama tu ameshika upawa, na yale maji machafu ya muhogo yanachuruzika kwenye kanga yake. Nje kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye ua. Maji matamu yaliyobaki yalikuwa ya mtungini, ya kunywa wageni, na mto usingekupwa mpaka baada ya kufuturu.

Mama ndiye aliyeinuka. Alichoma kipande cha muhogo kwa kisu akakipasua, akamwonyesha Bibi. "Bado mgumu katikati. Chumvi haijafika ndani, imekaa juu. Tukimwaga maji haya tukausuuza, unapona. Uji ndio haufai, umwagwe."

"Tusuuze kwa mate?"

"Kwa ya mtungi kidogo. Na tui tukamue kwa madafu."

Madafu yale Bibi aliyaweka kwa kaka zake, yamepangwa uvunguni kwenye mchanga wa baridi. Kumfungulia mgeni dafu ilikuwa sifa ya Bibi, alijulikana kwayo. Aliutazama uvungu. Mimi namhesabia wema hapo, kwa sababu alichukua panga mwenyewe, akaanza kuyafyeka vichwa moja moja, anamimina ndani ya bakuli, huku anagomba: "Madafu ya kaka zangu! Yananywewa na mihogo!" Lakini anamimina.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa mkwe wala mama mkwe. Zubeda aliumwaga ule uji na maji ya muhogo, akasuuza vipande kwa maji kidogo mno, akivigeuza kwa vidole kama mtoto anayeoshwa. Mama alikanda nazi kwa maji ya madafu, tui la kwanza, lile zito, akaliweka kando, chicha akaikanda tena akapata tui jepesi, muhogo ukarudi motoni humo. Chumvi hapana. Ulipolainika, Mama akasogea nyuma, akamwachia Zubeda bakuli la tui zito. Zubeda akamimina. Ndipo ilipopanda ile harufu. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Tui likapanda mara moja, jeupe, laini, halikukatika, akaepua.

"Mwonjaji," Bibi aliita.

Nikalamba, nikakuta sijui. Mara ilikuwa tamu sana, mara chumvi, mara haina kitu. Ulimi ukionjeshwa mara nyingi hupumbaa, hili nimelijua ukubwani, lakini siku ile niliona nimeharibika.

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Ulimi ni wa nani?"

"Mama, mwache," Mama alisema. Akanipa maji ya mtungi nisukutue, akanikatia kipande cha muhogo mbichi nitafune niteme, akaniambia nitoke nje nivute pumzi, nisiufikirie mchuzi. Nilisimama uani nikitazama jua linavyoshuka nyuma ya mikoko na nikawaza kwamba likizama kabla ulimi haujarudi, basi. Niliporudi nilifumba macho nikalamba tena.

"Utamu umezidi. Ndimu."

Zubeda akakamua ndimu, akasaga na pilipili. Sikuambiwa nionje tena. Adhana ilikuwa imeanza.

Wanaume walikula barazani, sisi ndani, kati yetu pazia. Sikula. Zubeda naye alifungua kwa tende, akaishika kokwa mdomoni muda wote. Upande wa pili vilisikika vijiko tu. Kisha babu mmoja, kaka mkubwa wa Bibi, mtu wa sauti nene, akaita:

"Huu muhogo kapika nani?"

Zubeda akanitazama. Bibi alijifuta mkono polepole.

"Mkwe wako."

"Mbona una utamu? Mmetia sukari?"

"Ndivyo wanavyopika kwao Mkongo," Bibi alijibu. "Wewe kula, umezoea muhogo wa kwetu wa maji ya tope."

Barazani wakacheka. Babu akaomba aongezewe. Bibi akamsukumia Zubeda bakuli bila kumtazama: "Peleka. Na funika kichwa."

Idi ilipita na Zubeda hakurudishwa. Yupo Salale mpaka leo, ana wajukuu, na hao wanaomfahamu sasa kwa upishi hawawezi kuniamini.

Nilichokuja kukielewa baadaye kinamhusu Mama. Nilipoolewa nikawa napika futari kwangu, nikajua kitu ambacho mtoto hakijui: jikoni penye wanawake kadhaa, siku nyingi za Ramadhani yupo mmoja ambaye hakufunga, yuko kwenye siku zake, na hasemi. Siku moja nilipokuwa nakuna nazi jambo hilo lilinisimamisha. Nilipokwenda nyumbani nikamuuliza Mama: siku ile ulikuwa umefunga?

Alinitazama. "Hapana."

"Ulionja?"

"Niligeuka kidogo nikaona ulivyokunja uso. Nilichovya kidole kwenye uji nyuma yenu, mnatazama ndoo."

"Sasa kwa nini hukusema wewe?"

"Ningesema mimi, Bibi yako angefurahi na Zubeda angenichukia. Angesema mke wa kaka anamchongea mke wa mdogo wake. Kwa mtoto, hakuna wa kugombana naye. Mtoto hana upande."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Nadhani alifanya sawa. Sioni alivyoweza kufanya vingine, na ujuzi uliookoa sufuria ile ulikuwa wake, ingawa sifa hakuitaka. Namshukuru. Lakini naona kuna mahali alikosea hesabu, na nimekaa naye mara nyingi tangu hapo, tunamenya muhogo pamoja, nikashindwa kumwambia. Upande nilikuwa nao. Katika jiko lile lote hapakuwa na mtu aliyempenda Zubeda kuliko mimi, na mimi ndiye niliyeambiwa niseme.