Onyo Nililoliandika Mwenyewe

Acheni niseme mwenyewe kabla hamjayasikia mtaani. Benki yetu hapa Lindi ilimkopesha tajiri aliyekata mikoko ya kijiji cha Mchinga. Sasa bahari inapanda, inakula minazi, na wanakijiji wanataka kuishtaki benki pia. Meneja akamtuma Zuhura, aliyeajiriwa juzi tu, akawasikilize. Mimi mkongwe kazini nimbebee faili! Agizo lilikuwa moja: tusikilize, tusijibu.

Kijijini, Zuhura akawaamkia, akaketi kuwasikiliza. "Binti ana adabu huyu," mzee mwenye kanzu akamsifu.

Mimi je? Roho ikaniuma, nikasimama.

"Huyu hajui kitu! Mimi ndiye niliyeonya kabla ya mkopo kwamba mikoko itakatwa. Onyo langu limo humu kwenye faili!"

Zuhura akainamisha kichwa. Mzee akatoa kalamu mfukoni.

"Ahsante, mwanangu. Mimi ndiye wakili wao. Hebu rudia taratibu."