Moshi wa Mbegu

Mwaka ule mvua ilipotukimbia kwa mara nyingine tena, nilikuwa nimerudi nyumbani Jilore na begi moja na katoni ya kofia za plastiki za kuogea. Hoteli niliyokuwa nikifua mashuka kule Malindi ilikuwa imefungwa kwa kukosa wageni, na meneja, kwa aibu ya kutuaga mikono mitupu, alitugawia vilivyobaki stoo. Wenzangu walipata taulo. Mimi nilikuwa nyuma kwenye foleni.

Mama alizipokea kofia zile kwa mikono miwili na kumshukuru Mungu. Hasira yangu ilianzia hapo. Mamangu ni mtu wa kushukuru kwa kila kitu, hata kile ambacho ungedhani Mungu mwenyewe angeona haya kusema ni yeye aliyekitoa. Mbuzi wetu wa mwisho alipokufa alisema, "Ashukuriwe Mungu, hakuteseka sana." Nikamwambia kwamba yule mbuzi aliteseka vibaya, tena mbele ya macho yetu. Akaniambia nisimsemee mbuzi.

Kitu cha maana kilichobaki katika nyumba ile kilikuwa juu ya uchaga. Kwetu mahindi ya mbegu hayatiwi guniani. Huchaguliwa yale makubwa, yakafungwa mafungu kwa maganda yake yenyewe na kupandishwa kwenye uchaga, yaani dari ya fito iliyo juu ya mafiga, ili moshi wa kila siku uyakaushe na kuwafukuza fukusi. Ni utaratibu mzuri sana, ila umejengwa juu ya dhana kwamba watu wa nyumba hiyo wanapika. Sisi hatukuwa tukipika. Siku njema tulichemsha mchunga, ile mboga chungu ya porini, na kipande cha muhogo. Siku nyingine tulikunywa maji tukaitana wavivu. Na fukusi, ambao habari za ukame hawana, walikuwa wameanza kutafuna.

Mbegu ile ilitosha shamba letu na haikuwa na akiba nyuma yake. Ikiliwa na fukusi, au ikiliwa na sisi, mvua ingerudi ikatukuta hatuna cha kupanda, na mwaka mwingine mzima ungekwenda hivyo hivyo. Shauri langu lilikuwa tuile.

"Mama, mbegu ni ya mvua. Mvua iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe," akajibu.

Basi akaanza kuwasha moto asubuhi na jioni, chakula hakuna. Alivaa kofia ya plastiki ya kuogea kukinga nywele na masizi, akachochea, akatia na kuni mbichi kidogo ili moshi uwe mwingi. Juu ya mafiga aliteleka sufuria ya maji, kwa sababu hapendi moto usio na kitu juu yake. Husema ni kama kumwita mtu halafu ukanyamaza. Ndani ya maji alitupia majani ya mchaichai. Mimi nilikaa mlangoni nikitokwa na machozi ya moshi, nikimsikiliza akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na nikamchukia kidogo kwa hilo.

Tulichosahau sote wawili ni macho ya majirani. Zamani moshi ulitoka kila paa na hakuna aliyeuangalia. Kiangazi kile ulitoka kwetu peke yetu, mara mbili kwa siku, mnene na mweupe.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye shamba lake limepakana na letu.

"Hodi, hodi wenyewe!"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu kuwajulia hali."

Hakuwa amepita kutujulia hali tangu kunde za mwisho zivunwe. Akakaa, akawekewa kikombe cha mchaichai bila sukari, akanywa, akasifu. Kisha macho yakahamia kwenye sufuria na kubaki huko. Kwetu mgeni hawezi kuuliza chakula kitaiva saa ngapi, na mwenyeji hawezi kusema hakipo, maana wote wawili wataaibika. Kwa hiyo tukazungumza juu ya punda wake, kisha juu ya punda wa watu wengine, mpaka punda wa Jilore yote wakatuishia. Jua lilipokuwa linazama aliinuka akashukuru kwa mapokezi. Kesho yake alirudi na shemeji yake.

Baada ya hapo walikuja wengi. Mama aliwanywesha mchaichai kwa furaha, na mimi niliwaoshea vikombe kwa hasira. Habari ikatembea kwamba kwa mama yule mjane sufuria haitoki motoni, na bintiye hana kazi, basi lazima ni mkono wa Mungu. Jumapili moja mchungaji wetu akatangaza kwamba angefika kusikia ushuhuda.

Alifika na akina mama wa kanisa, wamejifunga leso safi, wengine wamebeba vibakuli chini ya mtandio wakidhani sivioni. Yule mzee naye alikuja, akasema jambo la jirani halina dini. Mama akatoka jikoni kuwalaki na kofia yake ya plastiki kichwani na masizi puani.

"Mama," mchungaji alianza, "tueleze, Bwana amekutendea nini?"

"Amenipa uhai, mtumishi. Na huyu mtoto, ingawa ana mdomo."

"Amina. Na sufuria?"

"Sufuria ina maji."

Mchungaji akacheka kwa upole, kama anayeutambua unyenyekevu anapouona. Akaingia jikoni, akaiombea ile sufuria maombi marefu yenye kupanda na kushuka, kisha akafunua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Mvuke ukampanda usoni ukamfunga miwani. "Haleluya!" akasema, haoni hata ncha ya pua yake. Akina mama wakaitikia kwa vigelegele. Alipofuta miwani aliinama tena, akaangalia kwa muda.

"Ni maji," akasema.

"Si nimekwambia," mama akajibu.

Aliyeanza kucheka ni yule mzee, akacheka mpaka bakora ikamponyoka. "Sisi tuna mwezi mmoja wa kufunga," alisema akipangusa macho. "Kumbe nyinyi mwaka huu mmeamua kutupita!" Ikabidi mama aeleze habari ya mbegu na fukusi, na kwamba moto ule haukuwa wa watu ila wa uchaga. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka pia imeze vile vibakuli.

Lakini mama mmoja hakucheka. Alikuwa ameinua macho juu, anayatazama mafungu ya mahindi meusi kwa moshi. "Yangu yametobolewa nusu," alisema taratibu. "Sijawasha moto wa maana siku nyingi. Ningeupikia nini?" Mwingine akasema hata yake. Mchungaji akasema mkewe alikuwa akiyasukuma yao huku na huku juani, na bado unga wa fukusi unamwagika.

Tangu siku hiyo walikuja na kuni badala ya vibakuli, na kila mmoja akaleta mbegu yake ipate moshi. Uchaga wetu ukajaa hadi fito zikalia. Ili yasichanganyike, kila fungu lilikuwa na alama: kipande cha leso, kamba ya katani, kamba ya kiatu. Fungu la mchungaji lilifungwa kwa tai kuukuu yenye madoa ya mchuzi. Yetu yalikuwa na maganda yake tu. Niliwaambia uchaga ukianguka utamuua mama na mavuno ya kijiji kizima kwa pamoja, wakanijibu Mungu ataushika. Hawa watu, nikajisemea, wamempa Mungu kazi nyingi na fito mbovu.

Kisha homa ikanilaza. Haikuwa homa ya ajabu. Zahanati walinipa vidonge, wakaniambia nile vizuri, na mimi nikamwangalia yule daktari nikaona afadhali nisijibu. Nilikonda. Mama alinichemshia mchunga, nikautapika. Akachemsha tena, nikautapika tena. Siku mbili hakuimba, na mimi niliyekuwa nikizichukia nyimbo zake niliona nyumba imekuwa kubwa mno.

Siku ya tatu mchana nilisikia mchi. Nilidhani ni homa, maana hapakuwa na kitu cha kutwanga. Nikajikokota hadi nyuma ya jiko nikishikilia ukuta. Mama alikuwa ameteremsha mbegu yetu, ameyapukuchua mahindi yote kwenye ungo, na konzi moja iko ndani ya kinu. Alikuwa anatwanga huku analia, na ile kofia ya plastiki imempinda kichwani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napika uji. Rudi ulale."

"Hiyo ni mbegu!"

"Mungu atatoa mbegu nyingine," akasema bila kunitazama. "Mwana sina mwingine."

Sijui hasira ile niliitoa wapi, kwa sababu nguvu sikuwa nazo. Kiangazi kizima nilikuwa nimeambiwa niamini. Nilikuwa nimekula majani, nimemezwa na moshi, nimeosha vikombe vya wageni wasio na idadi, nikingoja siku mama aseme nilikuwa na haki. Siku hiyo ilikuwa imefika na sikuitaka. Nikamnyang'anya mchi, nao ukanishinda uzito ukaanguka. Basi nikayamimina ya kinuni kwenye ungo, nikakipindua kinu na kukikalia.

"Toka hapo!"

"Sitoki. Uliniambia mvua iko kwa mwenyewe. Ama iko kwake ama haiko. Chagua."

Alinivuta mkono, nikashika kinu kwa mapaja. Alinivuta mguu, kiatu kikatoka. Alinitekenya, mama mzima wa kanisa, akanitekenya mbavuni na mimi na homa yangu. Tulikuwa tunalia na kucheka na kutukanana pale pale wakati sauti iliposema, "Hodi!"

Yule mzee alisimama kwenye kona ya nyumba. Alitutazama sisi, akatazama ungo, akatazama kinu.

"Siku hizi hiki ndicho kiti?" akauliza.

Akageuka akaenda zake. Nikajua kwamba kufikia jioni Jilore yote ingejua nimeingiwa na wazimu. Lakini alirudi baada ya muda na kifurushi cha karatasi, akakiweka magotini mwangu. Zilikuwa tende.

"Nilizihifadhi za Ramadhani," alisema. "Ramadhani haijafika. Homa imefika."

Nilizila nikiwa bado juu ya kinu, kwa sababu sikumwamini mama. Sikuzitapika. Zile punje zilizokwishapondwa mama alizichambua moja moja, akazipika uji mwepesi, na nzima akazifunga kwenye kitambaa. Jioni ilipofika tulikaa kwenye mkeka kwa maombi kama kawaida, nikafumba macho nikamngojea aanze. Hakuanza.

"Leo omba wewe," akasema. "Mimi nimeishiwa."

Sikuwa nimeomba kwa sauti tangu utotoni. Nikasema: "Mungu, unatuona. Mamangu amekusifu mpaka amechoka. Mimi sina sifa za kukupa, nina hasira tu, lakini nimekalia kinu kwa ajili yako mbele ya watu. Sasa usituaibishe. Amina." Mama akainamisha uso, nikaogopa nimekufuru. Kisha nikamsikia anacheka kwenye leso yake.

"Amina," akasema. "Lakini Mungu huambiwa shikamoo kwanza."

Mawingu yalipoanza kupita juu juu bila kutoa kitu, watu walikuja kuchukua mafungu yao. Huku kwetu wanaotegemea masika hupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, ili tone la kwanza liikute mbegu imo ndani. Ukikosea, ardhi yenye joto huiunguza, au kanga huifukua. Mchungaji alipanda, mzee, ambaye mbegu yake ililiwa na fukusi akachangiwa na nusu ya kanisa, akapanda, nasi tukapanda, mama akitoboa mashimo kwa jembe na mimi nikifukia kwa mguu. Vumbi lilikuwa la moto hadi nyayo zikaniuma. Kila nilipodondosha punje niliona kikombe cha uji kinapotea, na sikuwa na amani hata kidogo. Mama naye hakuimba. Baada ya hapo kazi yetu ikawa kurushia kanga mawe na kutokuangalia juu.

Mvua ilikuja mchana mmoja, bila adabu, wakati tumeanika magodoro. Ilinyesha siku hiyo na usiku wake na siku iliyofuata. Nilimsikia mchungaji akipiga kelele za furaha ng'ambo ile, na mzee akimwita punda wake aingie ndani. Kulipokucha kukiwa na manyunyu tu, nilizinduka nikakuta kitanda cha mama kitupu. Nikadhani amekwenda kanisani kushukuru.

Nilimkuta shambani. Mamangu, aliyeniambia kiangazi kizima niamini bila kuona, alikuwa amepiga magoti kwenye matope anafukua shimo kwa kidole. Alifukua polepole, ameshikilia pumzi. Ndani yake punje ilikuwa imepasuka, na mzizi mweupe, mwembamba kuliko uzi, umetoka kuelekea chini. Alipogundua nimesimama nyuma yake alirudishia udongo upesi upesi, akaupapasa.

"Usimwambie mchungaji kwamba nimechungulia," akasema.

"Na Mungu je? Si amekuona?"

"Yeye amenizoea."

Nikapandisha leso yangu, nikapiga magoti kwenye mstari wa pili, nikafukua la kwangu.