Jina Langu kwa Penseli

Diploma yangu ni ya Kiswahili na historia. Niliipata Tanzania kwa jasho langu, mchana nikibeba matofali, jioni nikisoma, na niliporudi Rwanda niliishika mapajani safari nzima. Hapa Gisenyi sijamwona mwalimu anayenizidi Kiswahili. Sijisifu, nasema ilivyo.

Muhula huu mwalimu wa fizikia alihama. Mkuu wa shule akaiendea ratiba iliyobandikwa ukutani, akaandika jina langu kwa penseli kwenye fizikia ya kidato cha tatu, darasa la mtihani wa taifa.

"Fizikia sikuisomea, mkuu."

"Diploma ni diploma, mwalimu. Au zile sifa zote ni za mdomoni?"

Ningekataa vipi? Nikawa nasoma kitabu cha fizikia nikiwa nimepakiwa pikipiki nikitoka nyumbani Rugerero, ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi. Wiki jana niliwaambia mtumbwi unaelea kwa sababu mbao ni nyepesi kuliko maji. Binti mmoja, baba yake mvuvi, akauliza: meli ya chuma je? Nikamwambia akae, hilo haliji kwenye mtihani. Akakaa, akalikata swali lake daftarini kwa mstari mmoja. Mstari ule ulininyima raha siku nzima, na iliyofuata.

Jumamosi nikateremka ziwani kwa baba yake. Alikuwa anaosha sufuria. Nikauliza habari ya meli ya chuma, kama mtu anayepita tu.

"Ah, mwalimu! Diplome yote ile, unakuya kuuliza mi?" Akacheka mpaka wenzake wakageuka. Akanipa sufuria tupu. "Bon, sukuma chini ndani ya maji. Polepole. Unasikia maji inakurudishia juu?"

"Nasikia."

"Ukifukuza maji mingi, inakusukuma na nguvu mingi. Hata chuma. Sasa uende uambie mutoto yangu."

Jumatatu niliingia darasani na ndoo na sufuria. "Wiki jana niliwadanganya," nikasema. Nikamwita yule binti, akaisukuma sufuria yeye mwenyewe, kisha akarudi kuandika, haraka haraka.

Kipindi kilipoisha nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu. "Futa jina langu. Hawa wana mtihani."

Akanipa kifutio. "Futa mwenyewe. Halafu andika la mwingine."

Nilisimama mbele ya ratiba, nikayapitia majina yote ya walimu, mara mbili; aliyesomea fizikia hakuwemo. Nikamrudishia kifutio chake.

Jumatano tunaanza umeme, na kule ziwani hakuna wa kumuuliza.