Siku Nilipombadilisha Baba Jina

Harufu ya mafuta ya mashine hunifukuza mpaka leo. Nikipita mahali mafundi wanapofungua injini, miguu yangu huongeza mwendo kabla mimi mwenyewe sijaamua kuondoka. Harufu hiyo niliinusa mara ya kwanza Dodoma, nikiwa na umri wa kung'oa meno ya mbele. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha reli pale, na sisi wa Makutupora, ambao tulihitaji kutembea tangu alfajiri hadi alasiri kufika mjini, tulikuwa tukiisikia habari yake tu. Watu wazima walisema gari moshi hulia kama fahali anayechinjwa, na kwamba ardhi hutetemeka kabla halijaonekana. Sisi watoto tuliongeza ya kwetu: kwamba hunywa kisima kizima, na lisipotosheka humeza watu.

Baba yangu, Mhembano, hakuchangia mazungumzo hayo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye sugu nene begani, na ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imechanika, ikabaki vipande viwili vinavyoning'inia. Sugu ile aliipata katika upagazi, kabla sijazaliwa, na kila mtu kwetu alilijua hilo. Jambo ambalo halikujulikana nje ya nyumba yetu ni namna alivyouacha upagazi. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya serikali. Miguu yake ililiwa na funza, akaomba apumzike, akapigwa. Siku ya tatu, katika vichaka vya upande wa Kilimatinde, alitua sanduku lake polepole, kana kwamba anakwenda haja, kisha akakimbia. Mtoro wa safari ya serikali akipatikana alilazwa chini akachapwa kiboko mara ishirini na tano, hamsa ishirini kama walivyoiita, halafu akafungwa mnyororo wa shingo pamoja na wenzake. Kwa hiyo kila baba alipoiona kofia ya askari kwa mbali, aliingia ndani ya nyumba yetu ya tembe na kuketi gizani, nyuma ya vilindo vya kuhifadhia uwele, nasi tulijua kwamba wakati huo haitwi na mtu.

Kiangazi kimoja, baada ya mavuno, jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuja nyumbani. Alikataa kigoda, akasema akiwa amesimama.

"Boma wanataka mpagazi wa zamani. Wameandaa maonyesho pale stesheni, watu waone mizigo ilivyosafirishwa zamani na inavyosafirishwa sasa. Utasimama tu na mzigo begani. Siku moja."

"Naumwa," baba akasema.

"Bega lako nimekwisha kulitaja, Mhembano. Usipokwenda, watakuja wenyewe kukuangalia unavyoumwa."

Mama hakulia. Alinipa kibuyu cha togwa, akanifunga kaniki kifuani, akaniambia niende na baba nisimwache hata hatua moja. Aliamini kwamba mtu aliyeshikwa mkono na mtoto hafanani na mtoro. Njia nzima baba alikuwa akilishika sikio lake mara kwa mara, kama mtu anayetamani kulivua na kulificha.

Tulilala mjini, na asubuhi tukapelekwa kwenye maonyesho, ndani ya ghala la mabati kando ya reli. Joto lilikuwa kali na ile harufu ya mafuta ilitoka kwenye mapipa yaliyopangwa ukutani. Vitu viliwekwa kwa mstari tangu mlangoni: kwanza mzigo wa mpagazi, kisha machela yenye kivuli cha turubai, matandiko ya punda, mkokoteni wa ng'ombe, baiskeli, na mwisho kabisa, nje ya mlango wa pili, gari moshi lenyewe, jeusi, likitoa mvuke bila kwenda popote. Kando ya kila kitu alisimamishwa mtu. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza. Walimvua nguo akabaki na kipande cha shuka kiunoni, wakamtwisha sanduku la mbao, wakamwambia asitikisike. Watu wakaanza kuingia: machifu na wake zao, askari, wafanyabiashara wa Kihindi, watoto wa shule ya misheni waliopangwa wawili wawili. Walisimama mbele ya baba yangu, wakamtazama miguu, bega na meno, halafu wakasogea kwenye machela. Baadhi walicheka. Mimi nilikaa chini karibu na kisigino chake na kukumbatia kibuyu, nikihesabu muda kwa matone ya jasho yaliyodondoka kwenye sakafu.

Mtu aliyewaeleza wageni habari za kila kitu alikuwa Mnyamwezi wa makamo aliyeitwa Maganga, mwenye fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Mara ya kwanza alipita bila kumwangalia baba usoni. Mara ya pili fimbo yake ilifika begani, ikapanda hadi kwenye sikio, ikasimama hapo. Alingoja wageni watangulie. Kisha akainama kana kwamba anakaza kamba ya sanduku, akanong'ona kwa Kigogo kibovu.

"Wewe ulikufa."

Akaivuta kamba tena, akaendelea.

"Mimi ndiye niliyekuwa mnyapara wako. Ulipotoroka nilimwambia Bwana, yule Mjerumani wa safari, kwamba umekufa kwa ndui, tumekuzika. Ningesema umetoroka, kiboko kingekuwa changu. Na Bwana yule yule yuko hapa leo. Mhembano, tumekwisha, wewe na mimi."

Nikainua macho nikaona midomo ya Maganga imekauka na kuwa myeupe. Kabla ya hapo nilidhani hofu ni ya watu wanaojificha tu. Kumuona mtu wa boma, aliyevaa kanzu safi na viatu, akiogopa kuliko sisi, kulinitisha zaidi ya gari moshi.

Bwana aliingia jua lilipokuwa limeelekea magharibi. Alikuwa mzee, mwenye ndevu za rangi ya mtama mkavu, na alitembea taratibu akisifu kila kitu. Alipofika kwa baba alisimama. Akamzunguka yeye na sanduku lake, akarudi mbele, akakodolea macho sikio.

"Maganga," akasema kwa Kiswahili, "mtu huyu ninamjua. Sikio hili ninalijua."

"Wagogo wengi masikio yao yamechanika, Bwana."

"Jina lake nani?"

Maganga alijishughulisha na kamba ya sanduku. Baba naye alitazama mbele tu, kama alivyoamriwa. Ndipo Bwana alipochuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, nikanusa tumbaku.

"Mtoto, baba yako anaitwa nani?"

Kiswahili changu kilikuwa kidogo, cha kusikia kwa wachuuzi wa Kondoa waliopita kwetu, lakini swali hilo nililielewa. Nikakumbuka mjomba wangu Chilewa, kaka yake mama, aliyefariki mwaka uliopita na kuacha koti ambalo mama hakutaka kulitoa. Sijui kwa nini alinijia yeye.

"Chilewa," nikasema.

 Mkojo ulinitoka, ukaenea sakafuni, naye Bwana akauona. Labda alidhani ni uoga wa kawaida wa mtoto mbele ya Mzungu. Alisimama, akatoa kijitabu mfukoni, akaandika, akaenda kwenye machela.

Tuliachiliwa jioni. Tulipovuka reli, gari moshi lilipiga honi nyuma yetu, nikaanguka kifudifudi nikipiga mayowe. Baba alininyanyua, akaniweka kwenye lile bega lenye sugu, akanibeba. "Umenizaa upya," akasema, akashika njia ya Makutupora.

Kwa muda tuliamini kwamba yamekwisha. Kisha vita vya Wazungu vikaja, na boma likahitaji wapagazi kuliko wakati wowote. Askari walifika kwetu asubuhi na karatasi, wakasoma: "Chilewa, aliyesimama stesheni." Baba angeweza kusema Chilewa ni marehemu, kijiji kizima kingeapa, na ingekuwa kweli. Lakini hapo wangeuliza ni nani aliyesema uongo. Baba aliniangalia mara moja, akainuka.

"Ndiye mimi," akasema.

Hakurudi. Maganga alichukuliwa pia, tulisikia baadaye, na habari zake ziliishia hapo. Mama hakunilaumu hata siku moja, na mara nyingi aliniambia kwamba wanaume wote wenye nguvu walichukuliwa, walioandikwa na wasioandikwa. Najua ni kweli. Hata hivyo ni mimi niliyelitamka jina waliloliita.

Siku hizi Makutupora kuna mashamba ya zabibu, na barabara hutufikisha mjini kabla chai haijapoa tumboni. Wajukuu wangu hupanda treni kwenda harusini, wakagombea kiti cha dirishani, wakalalamika kwamba imechelewa. Mizigo yao hubebwa na magurudumu, na hakuna anayevuliwa nguo ili aonyeshwe. Hilo ni jema, nami nashukuru nimeishi nikaliona. Lakini wakifika kwenye dirisha la tiketi na karani akawauliza majina, huyataja papo hapo, kwa sauti, hata kabla hawajamtazama anayeuliza wala kujua anataka kuyafanyia nini. Mimi husimama nyuma yao nikishika mkoba wangu. Nawaonea wivu, na nawaogopea.