Nilimgeuza Baba Mtoto Mwanamke kwa Kompyuta

Nianze na hili ili msinihurumie bure: niliyofanya niliyafanya kwa makusudi, na nilipoyafanya nilisikia raha. Kosa ni langu. Lakini yule mwanamume bado simpendi, na sitajifanya hapa kwamba nimemsamehe.

Mimi huandikisha wagonjwa katika hospitali moja hapa Voi. Mtu akifika dirishani, mimi ndiye humuuliza jina, umri, simu na anakotoka, nikaingiza kwa kompyuta. Baba ya binti yangu aliidharau sana kazi hii. Siku aliyoniacha alisema, "Wewe maisha yako ni kuuliza watu majina tu."

Nilimeza. Kisha akaja na bibi mpya, mja mzito, akasimama dirishani kwangu na kuniita madam. Jamani! Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja, leo mimi ni madam.

"Madam, tusaidie haraka, bibi yangu hawezi kusimama sana."

Foleni nzima ilinitazama. Niliwaandikisha vizuri, meno nje, na moyoni nikasema, wewe ngoja, utarudi kwangu.

Alirudi baadaye, peke yake, analalamika tumbo linamchoma. Nikafungua rekodi yake. Pale kwa jinsia palikuwa na M, ya male. Nikaifuta, nikaweka F, ya female. Basi, herufi moja.

Haikupita muda nesi akatokea mlangoni akaita vile alivyoona kwa skrini yake: "Bi.," halafu jina la huyo mwanamume, lote. Akainuka yeye na ndevu zake. Watu walicheka! Mama mmoja wa Chawia akamwambia, "Ingia tu, dada, usiogope sindano." Nesi aliomba radhi, akadhani ni mashine imechanganya. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza eti natafuta kalamu, machozi yananitoka kwa kicheko.

Jioni tukipika nilimsimulia binti yetu. Nitamwita Wakesho, si jina lake. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Lakini umerudisha, mum?"

Nikamwambia nitarudisha kesho. Sikurudisha. Nilitaka aitwe Bi. tena akija, na safari hii nisijifiche.

Akaja tena, na kizunguzungu. Wakampima damu. Sasa hili mimi sikulijua, na nimekalia hiyo kompyuta miaka: damu ya mwanamume na ya mwanamke haziwekewi kiwango kimoja. Kiasi kinachomtosha mwanamke, kwa mwanamume ni pungufu. Mashine ikamhesabu kama mwanamke, ikaona yuko sawa, haikuweka alama nyekundu yoyote. Daktari alikuwa na watu hadi nje. Akaona karatasi haina alama, akampa dawa za tumbo, akamwachilia. Kumbe kidonda tumboni kilikuwa kinavuja damu pole pole.

Shule zikafungwa. Akamchukua Wakesho waende Kasigau kuangalia shamba lake, bibi mpya akabaki Voi na kichanga. Ndiko alikoanguka akitapika damu. Binti yangu alikaa nyuma ya pikapu barabara ile mbovu yote hadi hospitali yetu, amelaza kichwa cha baba yake mapajani, akimwita asilale.

Hakufa. Nasema mapema kwa sababu najua mnangoja. Waliniambia angechelewa kidogo tu, angekwenda.

Lakini sikilizeni nilichofanya walipomwingiza kwa machela. Mtoto wangu alisimama pale sketi imelowa damu, na mimi sikumkimbilia. Nilikimbilia kompyuta, nikarudisha M.

Nilikuwa nimechelewa. Daktari alishika ile karatasi ya kwanza ya damu, akasema mbele ya Wakesho, "Kwani hapa aliandikwa mwanamke? Ndio maana mashine haikutuonya." Mtoto akageuka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Niliitwa ofisini, maana mfumo unaonyesha nani amebadilisha nini. Nikasema kidole kiliteleza. Waliniamini, nikapewa onyo. Baba mtoto naye aliambiwa vivyo hivyo, na akasema makosa hutokea. Heri angenitukana.

Wakesho alipanga nguo zake aende kwa nyanya yake kule Mghange. Nilimshika mkono nikamwomba. Hakupandisha sauti hata.

"Sitamwambia baba. Sitaki ufungwe. Wewe zeeka tu, mum. Siku utaugua mpaka ushindwe kutaja jina lako, huna mtoto mwingine. Mimi ndiye nitasimama pale dirishani nikuandikishe."

Mkono niliuachilia mwenyewe. Simu zangu hapokei.

Ninyi mnaokaa nyuma ya hayo madirisha, kama kuna mtu umemchukia, mchukie. Sikukatazi. Mtukane sokoni, mpitie barabarani usimsalimie. Lakini akifika mbele yako na ugonjwa wake, mwandike alivyo, na umuulize upya hata kama unamjua kuliko mama yake. Mimi homa ikinishika siku hizi, natafuta panadol nalala kimya nyumbani, kwa sababu namjua atakayenijibia maswali, na najua nani alimfundisha.