Kioo cha Boila

Mama Boila, kama walivyomwita pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo, alikuwa na masikio makali kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kuendesha boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye mashine na pasi. Tangu mumewe afe ghafla, kila mlio ulimtia kiwewe. Mwezi mmoja alizima moto mara saba na kupiga ukelele watu wakimbie, na mara zote saba hapakuwa na kitu. Meneja akamwambia akipiga wa nane asirudi tena kazini. Binti yake alipiga pasi upande wa pili wa ukuta wa chumba cha boila, na kila ukelele wa mama ulimwaibisha mbele ya wenzake.

Wifi yake Mama Boila ndiye aliyempeleka kwa mtawa wa Kibudha, mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa, aliyefundisha kutafakari kila Jumamosi asubuhi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu.

"Hofu ikija, iite kwa jina," mtawa alisema. "Iangalie. Kila kinachozuka hupita. Usiikimbie, wala usiing'ang'anie."

Mama Boila alilishika somo hilo kwa mikono miwili. Hata kazini akajitafutia pa kutuliza macho: kile kioo chembamba ubavuni mwa boila kinachoonyesha kina cha maji. Alikaa mbele yake kwenye kigoda, akivuta pumzi na kuishusha. Miezi minne ikapita bila ukelele hata mmoja.

"Mama siku hizi ametulia tuli," binti aliwatambia wenzake. "Hata bomu likilia ataliuliza hali."

Wakacheka. Naye mama, tusifichane, sifa zilimwingia.

Asubuhi moja maji kwenye kioo hayakucheza kabisa. Akafurahi, akaona yametulia pamoja naye. Na kwa kuwa kioo kilionyesha yamejaa, hakuwasha pampu ya kuongezea mengine. Baadaye chuma kikaanza kulia ndani kwa ndani, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Mama akafumba macho. Hofu, akasema moyoni. Nakuona. Pita.

Haikupita. Joto lilimpiga usoni, kali kuliko siku zote, na harufu ya rangi inayoungua ikamfikia. Hapo likamjia neno alilolisikia kila Jumamosi na kuliruka: iangalie. Kumbe yeye alikuwa anafumba macho tu. Akayafumbua, akatazama kioo sawasawa. Maji ya boila lililowaka hayatulii. Hutetemeka mchana kutwa. Alilijua hilo kwa miaka kumi na tisa. Yasipotikisika, mrija unaoleta maji kwenye kioo umeziba, na kioo kinasema uongo.

Akafungua bomba dogo la kupimia lililo kwenye boila lenyewe, chini ya usawa wa kioo. Ukatoka mvuke mkavu, bila tone la maji. Sasa kuingiza maji baridi yakutane na chuma kilichoiva ni kulipasua boila na ukuta pamoja. Akakata moto, akavuta pumzi moja, akaenda kwenye chumba cha pasi.

"Mwanangu, acha pasi," alisema kwa sauti shwari. "Tokeni nje wote. Boila limekauka."

Binti akamtazama usoni, akatabasamu. "Kwa upole huo, mama? Ngoja basi nimalize shuka hili."

Wengine hawakuinua hata vichwa.

"Limekauka?" meneja akasema, akimpita mlangoni. "Si kuwasha pampu tu."

"Usiiguse," mama alimwambia, kwa sauti ileile ya Jumamosi, lakini meneja alikuwa ameshakata kona kuelekea kwenye pampu.

Ndipo alipouachia ukelele, ule wa zamani, wa nane. Binti akaangusha pasi. Wanawake wote wakakurupuka kuelekea mlango wa nje, na mama akamshika mwanawe mkono akimvuta, huku nyuma ya ukuta pampu ikianza kunguruma.