Nilivyopika Maharage kwa Mti wa Mgeni wa Heshima

Kama kuna mtu aliyekuwa Area 47, kule Lilongwe, siku ile ya kupanda miti na bado ananikumbuka, basi mi njo yule mama wa jiko la moshi, sikatai, na miaka yote hii nimewaficha hata batoto bangu wasijue mama yao aliwahi kufanya nini mbele ya serikali, lakini leo tumekaa wenyewe kwa wenyewe na chai bado iko, acha niseme.

Ilikuwa mwaka wetu wa pili kwenye kambi ya Dzaleka, Malawi, tangu tutoke Uvira, Kongo. Unga tulipewa, maharage tulipewa, lakini maharage hayaivi kwa maombi, yanataka kuni, na kila wanawake wetu walipokwenda porini wenyeji wa vijiji vya jirani walikuja ofisi ya kambi kulalamika kwamba wakimbizi wanamaliza miti (na hawakusema uongo, jamani, vilima vilikuwa vinabaki vipara). Ikafika mahali mwenzetu mmoja akanyang'anywa panga, mzigo, na hata kitenge alichofungia mzigo. Hapo Mama Esperansi, Mrundi mmoja aliyekuwa anauza nyanya Lumbadzi na kujifunza Kichewa, lugha ya wenyeji, huko huko sokoni, akatukusanya tukaanza kufinyanga majiko ya udongo yanayokula vijiti viwili vitatu tu na hayatoi moshi. Habari ikafika mjini. Tukaitwa Lilongwe, siku ya kupanda miti, tupike maharage watu waone.

Nikachaguliwa mimi. Jiko langu lilikuwa halijapasuka hata mara moja, na mdomo wangu pia ulikuwa mzima.

"Mama Furaha," Mama Esperansi aliniambia jioni ya kuamkia siku hiyo, "usisahau kuni kavu. Na mvua hii, kule hautapata. Tukifanya vizuri, bataona sisi ni bantu ba kutunza miti. Tukiharibu, tumekwisha."

"Nimesikia, dada."

Nilisikia kweli. Lakini asubuhi nimevaa kitenge kipya nilichojishonea mwenyewe (mi ni mshonaji, nguo yangu njo tangazo langu), kamio inapiga honi nje, nikaangalia lile fungu la kuni chini ya kitanda, lina vumbi, lina mchwa, nikajiuliza, mimi niingie muji mukubwa nimekumbatia kuni kama mtu anayetoroka porini, tena siku ya miti? Mji mzima utakosa kijiti? Nikaliacha, nikafunga mlango.

Sasa fika Area 47 utafute kijiti. Nyua zimefagiwa, na kidogo kilichoanguka kimelowa. Kwenye uwanja wa shule tulipoitwa, mahema yamesimama, wanafunzi wanaimba, miche imepangwa kwenye vifuko vyeusi, Mama Esperansi ameshakwenda kusalimia wakubwa, na mimi niko pembeni na jiko langu na sufuria yangu, sina hata cha kuwashia. Nikazunguka nyuma ya madarasa. Huko nikaona mkaratusi mchanga, mwembamba kama mkono wangu, umesimama peke yake katikati ya duara la mawe yaliyopakwa chokaa. (Yale mawe meupe yangeniambia kitu kama siku hiyo ningekuwa na akili.) Nikasema nichukue tawi moja tu. Nikavuta. Tah! Mti mzima ukavunjikia mikononi mwangu.

Kumbe aibu nayo inafundisha ufundi. Nikawaza, umeshakufa, basi usife bure, nikaukatakata sehemu ya chini kwa kisu, na kile kilele chenye majani mazuri nikakisimamisha tena palepale kwenye tope, nikashindilia kwa kiatu. Kikasimama! Nikarudi nyuma hatua mbili nikakitazama, hata nikakipenda. Halafu nikamwomba mlonda wa shule, ndivyo wanavyomwita mlinzi kule, mtu wa makamo aliyeitwa Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri, mafuta ya taa kidogo, akanipa na kiberiti juu yake bila kuniuliza kitu.

Mgeni wa heshima, mkubwa mmoja wa serikali, alifika wakati jiko langu lisilotoa moshi linatoa moshi wote wa dunia. Ukatambaa mpaka hemani. Wakubwa wakakohoa kwa heshima, mmoja baada ya mwingine.

"Mama Furaha, ni kuni gani hii?" Mama Esperansi alininong'oneza.

"Za hapa hapa," nikasema. Sikudanganya.

Mgeni akasimama, akafuta macho, akasema kabla ya kupanda miti mipya twende kwanza tukausalimie ule alioupanda mwaka jana kwa mikono yake. Niliposikia "mwaka jana", nikayakumbuka yale mawe meupe. Watu wote wakazunguka nyuma ya madarasa, mpiga picha mbele, mgeni akaushika mti wake akitabasamu, akauvuta kidogo uje karibu na bega lake, na mti ukaja wote. Akabaki ameushika kama bibi harusi na maua yake. Wanafunzi wakacheka, wakanyamazishwa.

Mkubwa mmoja wa pale akamgeukia mlonda. "Wewe Phiri! Unalinda nini hapa? Kesho usije kazini!"

Bambo Phiri akavua kofia. Akaangalia upande wa jiko langu, ambako harufu ya karatusi ilikuwa inatoka kama ya dawa ya mafua, nilimwona anajua kila kitu. Akamgeukia tena mkubwa wake, akainamisha kichwa.

Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mi njo nilivunja."

Mama Esperansi alifumba macho kwanza, ndipo akatafsiri.

"Kwa nini?" mgeni akauliza.

"Kuni kavu nimeziacha nyumbani, Bwana. Niliona haya kuzibeba."

Ilipotafsiriwa, wanawake wa pale wakaangua kicheko, maana wanazijua kuni, na mmoja akasema kwa sauti, "Inenso ndikanachita manyazi," yaani hata mimi ningeona haya. Mgeni akaenda moja kwa moja kwenye jiko, kile kilele bado mkononi, akafunua sufuria. Maharage yalikuwa yanachemka.

"Yote haya kwa mti ule mmoja tu, tena mbichi?"

"Nusu yake, Bwana," nikasema (mdomo wangu huu!), "nusu nyingine iko mkononi mwako."

Akacheka mpaka machozi, au ulikuwa moshi, sijui. Akasema mlonda abaki kazini, na mimi nipande mche mpya kwenye shimo lile, mbele ya watu wote. Nikapiga magoti na kitenge changu kipya kwenye tope, nikapanda. Na alipoondoka alituachia miche tuipeleke Dzaleka.

Watu walipotawanyika nikamfuata Bambo Phiri. "Pepani, bambo," nikamwambia, nisamehe. Kwa Kichewa nilichokielewa nusu kwa masikio na nusu kwa macho, akanijibu kwamba mti ule unanuka, alijua tangu moto uliposhika.

"Mbona hukusema?"

"Mimi wakinifukuza, narudi kwangu Biwi. Wewe, mayi, wakikufukuza hapa, utarudi wapi?"

Akanifungulia bakuli ambalo mke wake alimfungia asubuhi, tukala nsima yake, ugali wao, sisi wawili. Nililia nikila, nikasingizia moshi.

Ile miche tuliipanda pamoja na wanawake wa vijiji, walewale waliokuwa wanatunyang'anya mapanga, na siyo yote iliyoshika, wala ugomvi haukuisha siku moja, lakini baadaye walianza kuja wenyewe kujifunza jiko. Mi kila nikiomba nashukuru kwa mtu yule, aliyekuwa tayari kupoteza kazi yake kwa ajili ya mgeni asiyemjua hata jina. Na nimeapa: nikivunja cha mtu, siku hiyo hiyo napiga hodi kwake nasema mwenyewe. Aibu ya mlangoni ina watu wawili tu. Ya uwanjani ina mpiga picha.